Jua Linalozama Mgongoni

Siku hizi Jumapili jioni magari yanabanana ufukweni hapa Bukoba mpaka unatafuta pa kuingiza tairi. Juzi binti yangu mdogo alikasirika garini: "Mama, mbona jua halizami majini kama kwenye simu?" Nikacheka. Kwetu jua linatoka ziwani asubuhi, na jioni linaangukia vilimani nyuma ya mji. Ukiegesha gari kutazama ziwa, jua liko mgongoni. Wageni wanadhani tumekosea kuegesha.

Lakini sisi tunajua pa kuangalia. Kivuli cha vilima kinashuka, kinatupita, kinatembea juu ya maji, na mwanga wa mwisho unabaki kwenye mawe ya kisiwa cha Musira. Yanakuwa mekundu kama kaa la moto. Yakizimika, watu wanawasha magari.

Watoto wetu wawili wa kwanza walipokuwa wadogo, mume wangu alikuwa na pikapu ya viti vya nyuma, ya kubebea ndizi kutoka Muleba. Jumapili tulikuwa tunaifagia, tunakuja nayo ufukweni na karanga za kuchemsha. Kipindi kimoja baba mkwe alikuja kutoka Muleba kutibiwa, akakaa kwetu Rwamishenye. Jumapili moja tulikuja naye ufukweni, akakaa mbele na mume wangu. Mimi nyuma na watoto.

Nilikuwa na jambo moyoni. Niliishia darasa la saba, na masomo ya jioni yalikuwa yanafunguliwa kesho yake, Miembeni. Mume wangu alisema, "Mimi sina neno. Ila mzee akikataa, imekataliwa." Sasa nitamwambiaje mzee? Mke wa mtoto hamkazii baba mkwe macho. Nyumbani nilikuwa napiga magoti, naweka chakula, natoka.

Mle garini ndipo nikagundua kitu. Wote tunatazama Musira, hakuna anayemtazama mwenzake. Nilikuwa naona kofia yake tu, kwa nyuma. Nikamwomba Mungu kimoyomoyo, nikamwita tata, yaani baba kwa Kihaya:

"Tata, naomba kurudi shule."

"Nani?"

"Mimi, waitu," nikajibu kwa neno letu la heshima.

Mume wangu akaanza kufuta kioo kilichokuwa kisafi.

"Shule gani inachukua mama wa watoto wawili?"

"Ya jioni, tata. Kuna wakubwa kuliko mimi."

"Wanachapa viboko?"

"Hawachapi."

"Basi hiyo siyo shule."

Mume wangu akacheka. Mzee hakucheka.

"Unataka kusoma ili iweje? Biblia si unasoma?"

"Nasoma, tata. Lakini mtoto akiniletea hesabu zake, namwambia amsubiri baba yake. Na baba yake yuko barabarani na ndizi."

Kule Musira wekundu ulianza kupanda, mawe ya chini yakawa meusi, yakabaki ya juu tu. Nilijua yakizimika kabla hajajibu tutaondoka, na nyumbani nitarudi kupiga magoti na kutoka. Mdomo hautafunguka tena. Mume wangu, kama kawaida yake, akawasha gari.

"Zima," mzee akasema. "Tunaongea."

Akazima.

"Jioni ndiyo saa ya kumenya ndizi," mzee akaendelea. "Nani atamenya?"

Nilijiandaa kwa hapana. Mzee akamwelekezea mwanawe kidole.

"Huyu wako ana mikono?"

"Tata!" mume wangu akaruka. "Mwanaume nimenye ndizi?"

"Kutwa nzima unazibeba, utashindwa kuzivua nguo?"

Niliingiza uso kwenye nywele za mtoto, nikacheka na machozi yakatoka. Giza lilikuwa limeshaingia, hakuna aliyeniona.

Kesho yake nikaenda. Niliporudi kutoka darasani nilikuta sufuria jikoni na mume wangu anasugua vidole kwa mafuta. Utomvu ulikuwa umevifanya vyeusi, hautoki. Nusu ya ndizi ilikuwa imeondoka na maganda, na zilizobaki zilikuwa na pembe kama matofali. Watoto walikuwa wanazitazama tu.

Nilipiga magoti kumwekea mzee, nikataka kutoka.

"Kaa ule, mwanangu," akasema, macho ukutani. "Na chumvi usiulize."