Stima Iliyogoma Kupanda Mlima

Nyanya yangu, mama yake baba, tuliyezoea kumwita kogo, alisoma Biblia kila jioni koroboi ikiwa karibu na pua yake. Koroboi ile ya kopo ilikuwa na moshi kuliko mwanga, na macho yake yalitoka machozi tangu mstari wa kwanza hadi amina. Nesi wa zahanati alimwambia wazi kwamba huo moshi utayamaliza. Ndipo baba akamwahidi mbele yetu sote, "Mama, kabla ya Krismasi utasoma na stima."

Kwetu Kimulot, ukishamwahidi mama yako kitu, umeahidi. Nguzo za stima zilikuwa zimeishia huko kwenye kiwanda cha majani chai, mbali na sisi. Lakini chini ya shamba letu palikuwa na kijito kinachoshuka kwa kasi kutoka msituni, na baba alikuwa na mikono isiyojua kutulia. Alichonga gurudumu la mbao, akaliunganisha kwa mkanda na dainamo ya lori kuukuu, akafunga balbu ya taa ya gari. Maji yakasukuma, balbu ikawaka pale kijitoni, nyeupe kabisa, majirani wakapiga makofi. Wee! Siku hiyo baba alitembea kama bwana harusi.

Kilichobaki ni kuipandisha hiyo stima hadi nyumbani, juu mlimani. Waya wa shaba hatukuwa nao. Tulikuwa na waya wa ua, ule wa kuzuia ng'ombe wasiingie kwenye chai, na baba aliona waya ni waya. Akavuta nyaya mbili juu ya vigingi, mmoja wa kwenda na mmoja wa kurudi, mpaka nyumba ya nyanya. Akafunga balbu ileile. Kilichoonekana ni kauzi kekundu ndani ya kioo, basi. Nyanya akauliza kwa upole kama imeshawaka.

Baba akabadilisha vigingi. Akamshuku jirani kwamba ng'ombe wake wanajikuna kwenye waya. Mwishowe akatangaza kwamba stima inachoka kupanda mlima, kama sisi tukiwa na vikapu vya majani, na akaanza kuchonga gurudumu kubwa zaidi. Krismasi ilikuwa inakaribia na nyanya alikuwa bado anasoma kwa koroboi.

Mimi nilikuwa msichana wa kidato cha tatu, nimefunga shule, na mdomo wangu tangu zamani hauna breki. Nilimwomba mwalimu wa fizikia aniazime voltimita na amita, akanipa huku akiniapisha nisizivunje. Nikapima kijitoni: volti kumi na mbili. Nikapanda mlima, nikapima kwenye balbu ya nyanya: volti tatu. Mkondo wa stima ulikuwa ampea mbili. Nikachukua kijiti, nikachuchumaa uani, nikapiga hesabu kwenye udongo.

"Baba," nikasema, "mlima hauna makosa. Ni waya."

Nikamwonyesha. Volti tisa zimepotea njiani. Tisa ukigawa kwa ampea mbili, ukinzani wa ule waya ni omu nne na nusu. Nguvu ni volti mara ampea, kwa hiyo kijito kinatoa wati ishirini na nne. Waya unakula kumi na nane kwa kujipasha moto bure, na nyanya anabakiziwa sita. "Chuma kinakataa stima kuliko shaba, na waya wako ni mrefu. Hata uchonge gurudumu kama la treni, waya utakula kwanza."

Baba alitazama zile namba udongoni. "Kwa hivyo shule imekufundisha kuniambia mimi ni mjinga?"

Nikaangusha kijiti. Kwa mara ya kwanza breki za mdomo zilishika. Nilimhurumia, haki ya Mungu, maana mikono yake ilikuwa na malengelenge ya wiki nzima.

Aliyejibu ni nyanya, kutoka mlangoni. "Huo waya ukiwa mfupi je?"

"Ukiwa mfupi, kogo, utakula kidogo tu. Lakini nyumba yako iko huku juu."

"Si nyumba ni miti na udongo? Nijengeeni huko chini."

Baba aliruka kama amekanyaga siafu. Nani amewahi kujenga kijitoni, kwenye ukungu na baridi? Na mama mzazi anakaa bomani kwa mwanawe. "Mama, watu watasema nimekufukuza!"

"Hao watu," nyanya akasema, "ndio wananisomea Biblia?"

Baba akachukua panga, akaenda kukata miti. Majirani walikuja, wanaume wakasimamisha miti, wanawake wakakanda udongo, na ile nyumba ndogo ikasimama kabla ya Krismasi, hatua chache kutoka gurudumu. Nilipima tena. Waya ulikula nusu volti tu. Baba hakunipongeza, ila aliniomba nimwonyeshe tena ile hesabu ya kugawa, na hiyo kwangu ilitosha.

Jioni ya kwanza tulishuka sote. Baba alitoka moja kwa moja kuchuma chai, bado amevaa aproni ya plastiki, akaketi karibu na mama yake. Miaka yote nyanya alikuwa anamwona hivyo, jioni, akiwa amechoka, kupitia moshi. Nyanya alifungua Biblia, akatafuta mahali pake, kisha akainua kichwa. Hakurudi tena kwenye ukurasa. Alinyoosha mkono akamshika baba kidevu, akamgeuza huku na huku chini ya balbu, akampapasa nywele za mvi kando ya sikio.

"Mtoto wangu," akasema, "umezeeka lini, na mimi nipo?"

Baba aligeuza uso ili taa isiumulike. Nyanya akaurudisha.