Macho Makavu ya Sakarbai

Mwaka ule picha ya malkia mpya ilipotundikwa posta, Sakarbai aliishiwa machozi. Kwa mtu mwingine hiyo ingekuwa habari njema. Kwake ilikuwa kama kisima cha uani kilichokauka: unateremsha ndoo, kamba inakwenda, inakwenda, na kinachorudi ni mchanga.

Alikuwa mjane wa Remtulla, aliyekuwa na duka la sukari, khanga na mafuta ya taa pale Temeke. Nyuma ya mizani sasa alikaa mwanawe, Akberali. Familia iliishi nyuma ya duka, na chumba cha Sakarbai kilikuwa cha mwisho, ambamo jua liliingia asubuhi na kutoka kabla yeye hajaamua kuamka.

Watu wa jamaa yake, Waithnasheri, Mashia wenye asili ya Bara Hindi, humlilia Imamu Husein, mjukuu wa Mtume, kila mwaka mwezi wa Muharram. Wanawake huketi majlisi yao peke yao kwenye mikeka, msomaji akasoma kisa cha Karbala, alikouawa Imamu na dada yake, bibi Zainab, akabaki kuomboleza, na kulia ni ibada. Katika ibada hiyo Sakarbai alikuwa na jina. Msomaji alikuwa hajafika hata kwenye kiu ya watoto, yeye keshajifunika uso, mabega yanatikisika. Wenziwe walimsogeza mbele, karibu kabisa na kiti cha msomaji. Mabinti waliambiwa wamtazame, ule ndio moyo. Akirudi nyumbani asiguse chakula, walisema ni mapenzi yake kwa Imamu. Akilala mchana kutwa ameelekea ukutani, walisema mcha Mungu yule, dunia imemtoka. Hakuna aliyefikiri kwamba anaumwa. Ugonjwa wake ulivaa nguo za ibada, na nguo zile zilimkaa vizuri.

Sasa Muharram ilikuwa inakaribia tena, na machozi hayakuwapo. Alijaribu kuyaita kwa yale yale yaliyokuwa yakiyaleta. Hakuna. Kulikuwa na uzito tu, kuanzia kifuani hadi vidoleni, na chakula kilikuwa na ladha ya karatasi. Akaanza kurudisha sahani. Kwanza chapati, kisha wali, mwisho hata chai. Hakumwambia mtu, lakini moyoni alikuwa amekwisha kata shauri: Muharram haitamkuta. Asingekwenda kuketi mbele ya wanawake wote na macho makavu, Imamu akamkana hadharani.

Akberali alipoona pete ya mama yake inachomoka yenyewe kidoleni, alimwita daktari. Daktari huyo, Shehnaz, alikuwa binti wa jamaa yao, aliyesomea Bombay na kufungua chumba cha kutibia mjini. Alisikiliza kifua, akatazama kope, akabonyeza tumbo. Kisha akasema angekuja kila Jumapili, na alichohitaji ni vigoda viwili uani na watu wasikae karibu.

Akberali alitaka sindano. Mtaa mzima ulijua kwamba daktari asiyechoma sindano hajatibu.

"Kuongea tu?" alisema. "Kuongea hata mie naweza."

"Basi mbona hujaongea naye?" Shehnaz alimuuliza, na Akberali akakumbuka kwamba kuna mteja dukani.

Jumapili ya kwanza Sakarbai hakusema neno. Shehnaz hakumhimiza. Walikaa wakitazama shuka zinavyokauka, na wakati wa kuondoka daktari aliomba mambo mawili. Alimwita Maasi, yaani mama mdogo, kama wasichana wa kwao wanavyowaita wanawake wa umri ule. Maasi ale vijiko viwili kila mlo. Na kila asubuhi yeye mwenyewe achague mchele wa nyumba hii. Kazi hiyo mkwewe, mke wa Akberali, alikuwa amempokonya kwa heshima, mama pumzika, mama kaa, mpaka mikono yake ikabaki haina pa kwenda.

"Sikuombi uone ladha," Shehnaz alisema. "Nakuomba umeze."

Sakarbai alikubali kwa sababu ya uchovu. Kukataa kulitaka nguvu zaidi.

Hivyo akakaa na ungo mapajani, asubuhi baada ya asubuhi, akitoa chuya na vijiwe. Hakuona nafuu. Aliona mchele. Lakini Jumapili moja, vidole vikiwa bado vinapekua, kinywa kilifunguka.

"Mie ni mwizi."

"Umeiba nini, Maasi?"

"Kilio."

Akasimulia bila kuinua uso. Alikuwa na binti, Zarin, aliyeolewa Tabora na kufia huko kwenye uzazi. Simu ya maandishi ilifika wakati kaburi limekwisha fukiwa. Remtulla alisema ni amri ya Mungu, akasomesha khitma, akafungua duka. Tangu siku hiyo jina la Zarin halikutajwa nyumbani mle. Kuta zilikuwa nyembamba na wateja wengi. Mama angelilia wapi? Palikuwa na mahali pamoja tu ambapo mwanamke aliweza kulia kwa sauti asiulizwe ana nini. Basi msomaji alipokuwa akiwataja watoto wa Karbala, Sakarbai alikuwa akimwona Zarin. Miaka yote hiyo.

"Wakanisogeza mbele, nikakaa mbele," alisema. "Sasa Imamu kachukua chake. Ana haki."

Shehnaz hakumwambia aache mawazo hayo. Alichukua chuya moja kutoka kwenye ungo, akaizungusha vidoleni.

"Na wanawake wengine wanamlilia nani?"

"Imamu."

"Umejuaje?"

Sakarbai akarudi kupekua mchele.

"Muulize mmoja tu," Shehnaz alisema. "Unayemwamini. Jumapili uniambie kajibu nini."

Aliyemwamini alikuwa Kulsumbai, mke wa fundi saa wa Keko, mwanamke mnene mwenye mdomo usio na pazia. Alipokuja kumjulia hali, Sakarbai alimuuliza, na baada ya kuuliza akatamani maneno yarudi. Kulsumbai alihamisha tambuu kutoka shavu hili kwenda lile.

"Inategemea mwaka," alisema. "Mwaka juzi mama yangu. Mwaka jana, Mungu anisamehe, jino."

"Jino?"

"Gego. Mtu mzima nitalilia wapi gego? Nikangoja majlisi." Alicheka peke yake, kisha akaacha. "Huwa naanza na yangu, Sakarbai. Msomaji akifika kwa bibi Zainab, yangu inaingia ndani ya yake, nami sijui tena ipi ni ipi. Wewe ulidhani sie tumeumbwa kwa nini?"

Kulsumbai akamshika kifundo cha mkono, mahali ambapo nyama ilikuwa imekwisha.

"Tulijua ni Zarin. Sote. Ndiyo maana tulikusogeza mbele."

"Mbona hamkusema?"

"Mumeo alikataza. Alipokufa, tukawa tumekwisha zoea kunyamaza."

Hakulia hata hapo. Wala hakuwa mwepesi. Alichoka tu, ila uchovu huu ulikuwa wa namna nyingine, wa mtu aliyetua debe la maji na mikono ikawa bado inatetemeka. Jumapili alimsimulia Shehnaz, ambaye hakumpongeza. Alimuuliza tu kuhusu Muharram.

"Sina machozi," Sakarbai alisema.

"Nani kasema uende nayo? Nenda na mikono."

Ikawa hivyo. Siku ya kwanza alasiri, kwenye imambara ya mjini, jumba la maombolezo hayo, wanawake walimfungulia njia aende mbele kama kawaida. Sakarbai akabaki mlangoni, penye ndoo ya sharbati.

"Niacheni hapa. Leo nawamiminia nyie."

Msomaji alisoma. Migongo yote mbele yake ilitikisika, na macho yake yalibaki makavu. Alingoja jambo baya limfike. Hakuna lililofika, isipokuwa sukari iliyoganda kwenye vidole. Kulsumbai alipogeuka, uso umelowa, alijigusa shavu pale penye gego, na Sakarbai akainamia bilauri ili asionekane akitabasamu.

Mwisho waligawa tabaruku, kipande cha mkate na halua ndani ya karatasi. Kulsumbai akaketi karibu naye ngazini, akauliza kama Zarin alikuwa akipenda halua.

Jina lile lilikuwa halijapita kooni kwa sauti mbele ya watu.

"Zarin alipenda ile ya pembeni," alisema. "Iliyokauka."

Akafungua karatasi na kula. Ladha ilikuwa kidogo, mbali, karibu haipo. Alikula nusu. Nusu nyingine aliikunja vizuri, akaitia mfukoni, ya kesho.