Ndege ya Mashindano Yenye Mlango wa Mizigo

Nyundo ya Josline Namukasa inagonga debe la mafuta ya kupikia, taratibu, hadi bati linakubali kuvimba kama tumbo la ndege. Yuko kibandani kwake mtaa wa Hai Amarat, Juba, majiko ya mkaa yamepangwa nyuma yake.

"Jiko inanipa chakula," anasema akicheka. "Hii inanipa raha."

Tangu aje kutoka Jinja miaka tisa iliyopita, fundi huyu ameishi kwa majiko. Miezi michache nyuma, Kapteni Alfayo, rubani Mkenya aliyefika kununua jiko la kuchomea nyama, alimwonyesha kwenye simu picha za ndege za mashindano za miaka ya 1930: injini kubwa, mabawa mafupi, rubani kasukumwa huko karibu na mkia. Hoteli moja ya mtaa wa Thongpiny, alisema, ilitaka sita za bati za kuning'iniza ukumbini. Ya kwanza ikikataliwa, hakuna nyingine.

Kwa Josline hilo si jambo dogo. Bintiye Phiona anahitimu uuguzi Kampala mwezi Desemba, na mama ameapa kwamba safari hii hatakwenda kwa basi la kupitia mpaka wa Nimule, magoti yakigonga kiti cha mbele. Atapanda ndege, kwa pesa za kazi hii. Hajawahi kupanda hata siku moja, ingawa zinampita juu ya kichwa kutwa nzima.

Basi akaitengeneza ile ya kwanza kwa mapenzi yote. Kapteni alipoigeuza ubavu, akakunja uso.

"Mama, hapa umeweka nini?"

"Mlango ya mizigo, Kapteni."

Kapteni alicheka mpaka akashika meza. "Hii ilikuwa inabeba rubani na injini tu! Inazunguka minara ya mashindano kwa kasi, basi."

"Haibebi hata kitunguu? Sasa inakimbia kwenda wapi?"

"Inarudi palepale ilipotoka."

Josline alinyong'onyea. Ukweli usemwe, nani Juba angewaza vingine? Ndege anazoziona yeye zote zinashusha kitu.

"Malesh, Kapteni. Naziba saa hii hii," aliomba radhi, akinyoosha mkono kuchukua chuma cha kulehemu. Moyoni alishaanza kulisikia basi la Nimule.

"Wacha! Usiguse!"

Kapteni alimtumia meneja wa hoteli picha, na jibu likarudi upesi: zote sita ziwe na mlango. Marubani wanaokula pale wengi ni wa mizigo, watafurahi kuona mashindano ambayo hata wao wangeingia.

Sasa Josline yuko kwenye ya tano, na furaha haifichiki. Anafungua kile kimlango kwa ukucha. Ndani kuna sanduku la safari la bati, dogo kuliko kiberiti, lenye mpini wa waya.

"Hii ni mzigo yangu," anasema. "Desemba, kalas, mambo imeisha, na mimi napanda."