Breki Zilizobisha Hodi

Harufu ya breki zilizoungua haifanani na harufu nyingine ya moto. Si ya kuni, si ya nywele, si ya ugali ulioshika chini ya sufuria, ingawa ina kidogo ya vyote hivyo. Nikiisikia leo, kwenye stendi yoyote au mteremko wowote, narudi kwetu Mpuguso, kwenye asubuhi moja ya ukungu babu aliponiamsha na kuniambia nivae sweta, tunaondoka. Nilimuuliza tunakwenda wapi. "Tutajua njiani," alisema. Nilishangaa, maana babu alikuwa mtu wa kupanga hata siku ya kunyoa ndevu. Asubuhi ile alichukua koti lake, mwavuli, na kiroba chenye kitu kizito kilichofungwa kwa majani ya mgomba, akanitanguliza njiani bila hata kunywa uji. Migomba ilikuwa ikidondosha maji ya mvua ya usiku. Ndani ya kiroba kulikuwa na diski ya breki ya gari letu, na babu alikuwa akienda kutafuta nyingine za aina yake bila kujua wapi atazipata.

Gari lenyewe tuliliita Nyati. Lilikuwa gari zito la chuma kitupu, la kuvuta kwa magurudumu yote manne, ambalo babu alilinunua mnadani baada ya mradi mmoja wa wafadhili kufungwa. Ilikuwa miaka ile ya ruhusa. Wakubwa walisema biashara sasa ni huru, viwanda vikaanza kuuzwa, watu wakapunguzwa kazini. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Alirudi kutoka kiwanda cha chai akiwa na blanketi na sabuni za kuagwa, akakaa mwezi mmoja akitazama mvua, kisha akaenda Chunya kuchimba dhahabu. Mama alibaki kwa mkwewe. Nyati ndiye aliyetulisha: alishusha ndizi na viazi Tukuyu, akapandisha mafuta ya taa, bati na wagonjwa.

Sasa ni lazima nieleze jambo ambalo vijana wa siku hizi hulicheka. Kwetu, mwanamke aliyeolewa hakutani na baba mkwe wake. Hampi mkono, hamtazami usoni, halitaji jina lake. Wakikaribia kukutana njiani, yeye huingia kando hadi mzee apite. Kwa Kinyakyusa huitwa ukutila, na maana yake ya karibu ni kuogopa, ingawa ni woga wa heshima. Kila neno kati ya mama na babu lilipita kwangu. "Mwambie babu yako chumvi imekwisha," mama angesema jikoni, na babu, aliyekuwa amekaa hatua chache nje ya ukuta wa matete, angesubiri nitoke nimwambie alichokwisha kukisikia. Nilikuwa mtoto wa kike pekee pale nyumbani, nimekuwa mdomo wa watu wawili kabla sijaota meno yangu yote ya pili.

Kwa hiyo mama alilijua gari lile kwa masikio. Pedi za mbele, vile vipande vinavyobana diski ya breki, zilipoanza kwisha, Nyati alianza kupiga kelele kali kila babu alipokanyaga breki kwenye kona ya juu, penye mparachichi, kabla ya kushuka uani. Mama alikuwa akisikia ule mlio anaacha alichoshika, anaingia migombani. Babu naye alikuwa akijua kwamba anasikia. Fundi Asukile wa Makandana, aliyelitazama gari letu mara kwa mara, alimwambia babu mbele yangu, "Mzee, hiyo pedi inalia. Inaomba ibadilishwe." Babu akajibu, "Iache ilie. Inanibishia hodi nyumbani kwangu." Fundi alicheka akidhani ni utani. Haukuwa utani. Sidhani kama kuna watu wengine duniani wangeacha breki zife kwa ajili ya adabu. Sisi tuliziacha, na hata bibi, ambaye aliogopa kila kitu chenye injini, alisema ule mlio ni mzuri, unamheshimu mkwe.

Mlio ukageuka kuwa mkwaruzo, chuma kikasaga chuma, na mkwaruzo haufiki mbali kama mlio. Mama wakati huo alikuwa na mimba kubwa. Mimba mbili za kabla zilikuwa zimeharibika, na muuguzi alikuwa amemwonya asithubutu kuzalia nyumbani. Uchungu ukianza apelekwe hospitali mara moja. Gari la kumpeleka lilikuwa moja tu, na dereva wake alikuwa mtu mmoja tu duniani ambaye mama hakuruhusiwa kumtazama. Jioni moja ya mvua Nyati alishuka kutoka kwenye mparachichi na hakusimama. Alipita uani, akapita banda la kuku, akaingia migombani, mahali palepale mama alipokuwa amejificha. Migomba ilivunjika moja baada ya nyingine hadi gari likachoka. Lilisimama karibu na mama kiasi kwamba mvuke wa rejeta ulimlowesha khanga. Nilifika mbio, nikawakuta wanatazamana kupitia kioo, babu mikono yote kwenye usukani, mama mikono yote tumboni. Kisha mama akageuza uso, na babu akafunika wake kwa kofia.

Mama hakuumia. Lakini usiku ule chakula cha babu kilirudi kama kilivyokwenda. Asubuhi fundi aliitwa akafungua magurudumu ya mbele. Diski ya kushoto ilikuwa na ufa. Ya kulia ilikuwa imeliwa hadi ikawa na mifereji kama shamba lililopigwa matuta. Babu aliuliza kama zinaweza kuchongwa zikawa sawa. "Zimebaki nyembamba mno, mzee. Ukichonga hizi utabaki na sahani," alisema Asukile. Kesho yake ndipo tukaondoka na ile ya kulia ndani ya kiroba. Mama alinivuta nyuma ya jiko kabla sijatoka. "Mwambie babu yako," alisema, "mimi siliogopi gari. Naogopa nisijue kama linakuja." Nilimfikishia babu ujumbe ule barabarani. Alihamishia kiroba bega la pili.

Tukuyu mjini tulikuta maduka ya spea matatu mahali palipokuwa na moja. Wakati wa uhaba, babu alisema, ulikuwa ukiuliza kitu, unaambiwa hakuna, unarudi nyumbani ukiwa na amani. Sasa vitu vilikuwepo vimejaa hadi kwenye dari, na amani ndiyo iliyokosekana. Muuzaji, kijana mwenye shati la maua, alituwekea mezani diski mpya zinazong'aa na pedi zilizo ndani ya boksi lenye picha ya simba. Babu alizinyanyua akazipima kwa mkono, akatoa ile ya zamani kirobani akaipima kwa mkono mwingine. Ile ya zamani, pamoja na kuliwa kote, ilikuwa bado nzito zaidi. Ilikuwa na matundu ya kupitishia upepo katikati, kama mikate miwili iliyobanwa pamoja. Ile mpya ilikuwa kipande kimoja kitupu.

"Hii ni ya gari dogo," alisema babu.

"Inaingia, mzee wangu. Tundu za bolti ni zilezile."

"Kuingia hata mguu wangu unaingia kwenye kiatu cha mtoto huyu. Nikitembea je?"

Kijana akacheka, akagonga boksi la simba. "Mzee, mchagua jembe si mkulima. Chukua, uwahi shamba."

"Jembe halibebi watu mteremkoni," babu alisema, akafunga kiroba chake. Tulizunguka maduka mengine mawili tukakuta simba yuleyule kwenye boksi lilelile. Babu alisimama barabarani chini ya mwavuli kama mtu aliyesahau nyumba yake iko wapi. Lori la ndizi lilikuwa likipakia kwenda Mbeya. Aliliangalia, akaniangalia, na ndivyo nilivyokwenda Mbeya kwa mara ya kwanza maishani, juu ya mikungu, nimepakata kipande cha chuma kilichochoka. Miguu ilikufa ganzi. Kila lori lilipokanyaga breki kwenye miteremko ile, babu alinyanyua kichwa akasikiliza.

Mwanjelwa tulizunguka hadi mchana ukazeeka. Sikuwa nimeona vitu vingi namna ile, na sikuwa nimejua kwamba wingi wa vitu unachosha macho kuliko kulima. Mwishowe tulifika kwa mwanamke wa Kikinga aliyeuza vyuma vya magari yaliyokatwakatwa, amekaa juu ya injini kama juu ya kigoda, ananyonyesha. Alipoiona diski yetu alinyoosha mkono mmoja.

"Gari la mradi hilo," alisema. "Zito kama deni la kanisa. Mmetoka Tukuyu? Ninyi watu wa ndizi mnapenda vinavyong'aa, leo imekuwaje mkaja kwenye kutu?"

"Vinavyong'aa tumeviacha kwa simba," babu alijibu, na kwa mara ya kwanza tangu jioni ile nikamwona akitabasamu.

Mama yule alimlaza mtoto wake juu ya gunia, akaleta diski nne za mtumba. Babu alichuchumaa. Alipitisha ukucha juu ya kila uso kutafuta mifereji. Alipima unene kwa kijiti cha kiberiti, akikivunja kwa kimo cha ile iliyo nene kuliko zote. Kisha akaomba spana, akachomeka kidole kwenye tundu la katikati, akaining'iniza diski na kuigonga. Ya kwanza ililia, ting, sauti ndefu iliyotetemeka hewani. Ya pili ilitoa kishindo kifupi kama cha chungu chenye ufa. Nilikuwa nimemwona mama akifanya vivyo hivyo sokoni alipochagua vyungu vya Wakisi, wafinyanzi wa ziwani: anagonga kwa kifundo cha kidole, anainamisha kichwa, anasubiri. Nilimwambia babu, "Mama husikiliza hadi mwisho." Alinitazama, akagonga tena, na safari hii alisubiri sauti imalizike yenyewe. Alichagua mbili zilizolia kwa urefu mmoja.

Zikabaki pedi. Mama wa Kikinga alimwekea za aina mbili. "Hizi ngumu utazisahau, zitakaa. Ila asubuhi ya baridi zinachelewa kushika. Hizi laini zinashika mara moja, lakini masika yakipita utakuwa hapa tena unanilaumu."

"Nipe laini," babu alisema.

"Zitakwisha, baba."

"Zikwishe."

Huyu alikuwa mtu aliyevaa koti moja tangu nizaliwe, mtu aliyenyoosha misumari iliyopinda ili aitumie tena. Sitataja bei, yeye mwenyewe hakuitaja kamwe. Yule mama akataka kuichukua diski yetu kuukuu aiuze kwa uzito. Babu alikataa. Akaigonga kwa spana: ilikuwa imeliwa, imechoka, lakini bado ililia. Akairudisha kirobani, na tukawa na vyuma vitatu vya kubeba badala ya viwili. Nilitaka kulia kwa uchovu.

Magari ya kurudi Tukuyu yalikuwa yamekwisha. Jua lilikuwa linazama tulipopata chumba kwenye gesti moja ya udongo nyuma ya soko, chumba cha kwanza cha kulipia nilichowahi kulala, chenye kitanda kimoja, taa ya chemli na ukuta ulioandikwa majina ya wapita njia. Babu aliweka diski chini, akavua viatu, akakaa akiwa ameegemea ukuta. Baadaye aliuliza bila kunitazama, "Siku ile, mama yako alikasirika?" Nikasema hapana, alilia tu. Kisha akasema, "Mwambie..." na sentensi ikaishia hapo. Nilisubiri. Nilikuwa nimezoea kubeba maneno yake, lakini yale hakunipa.

Alichotaka kusema alikifanya. Fundi Asukile alipomaliza kufunga zile diski, Nyati akawa kimya kabisa. Alisimama pale mguu ulipoamua. Babu akachukua diski kuukuu, akaitundika kwa waya kwenye tawi la mparachichi pale konani, na spana yake moja akaifunga shinani kwa kamba. Tangu siku ile kila alipokuja alisimamisha gari, akashuka hata kwenye mvua, akagonga mara moja, akasubiri sauti imalizike ndipo akateremka. Mama alikuwa akisikia, anajifuta mikono, anaingia migombani bila haraka. Uchungu ulipomjia asubuhi moja, akina mama walining'iniza khanga nyuma ya kiti cha dereva, wakampandisha. Mimi nilikaa katikati, kwenye pindo la pazia. Kila mteremko babu alikanyaga breki mapema na taratibu, na gari lile zito liliitika kama ng'ombe aliyefundishwa. Mama alisema kwa sauti ndogo, "Mwambie babu yako, ndaga." Asante. Nikamwambia. Alitikisa kichwa, macho barabarani. Mdogo wangu alizaliwa mzima kabla ya saa sita mchana.

Baba hakurudi kutoka Chunya. Niliacha shule mapema, nikaolewa mapema, nikaondoka kwa mume mapema zaidi. Nilikuwa nimemwona mama akisikiliza miaka yote ile na nilijua nisingeweza kuishi hivyo. Tangu hapo nimeishi kwa kutembea, leo nauza viatu, kesho napika kwenye kambi za barabara, na kila ninapofika huuliza vitu vinavyofanyaje kazi hadi watu wanichoke. Babu alikwisha kufa. Mdogo wangu ana gari la kisasa ambalo taa nyekundu huwaka pedi zikikaribia kwisha, na mkewe alikuwa akikaa kiti cha mbele pembeni ya babu, aliyekuwa mkwe kwake pia, enzi za uhai wake, wakisikiliza redio. Sioni kosa. Mama mwenyewe, alipoliona hilo, alicheka hadi akajifuta machozi, kisha akasema amechoka, akaingia ndani.

Jana nimeingia mji nisioujua, na mwenye gesti amenipa chumba kinachotazama barabara kuu, akaniomba radhi kwa kelele za malori yanayoshuka mlima. Nimemwambia hazinisumbui. Kila moja likikanyaga breki nainuka kidogo kitandani, kama mtu wa kupisha. Halafu nakumbuka kwamba hakuna anayenijia, na hakuna aliyesimama kwanza kule juu akagonga.