Duara Kwenye Sahani ya Maabara

Dawa ya vidonda ya ukoo wetu haiendi kwa mtoto wa kuzaa. Inatoka kwa shangazi kwenda kwa binti wa kaka yake au wa mdogo wake wa kiume, na anayeipokea huitwanga kwa mkono wa kushoto. Akishatwanga, basi tena. Hatalala nje ya boma letu la Choma, kule Igunga, maisha yake yote, kwa sababu mgonjwa akija asikute mlango umefungwa. Shangazi yangu hata kwenye msiba wa baba, mdogo wake wa tumbo moja, alikuja akarudi siku hiyo hiyo. Sisi tunalia Tabora, yeye yuko kwenye basi la Igunga.

Mimi ndiye niliyechaguliwa. "Wewe umesoma," aliniambia, "hutakosea kipimo." Nilikuwa fundi wa maabara katika chuo kimoja mjini, nimepanga vyumba viwili mtaa wa Chemchem, bomba liko uani, na Jumapili sikuwa na mtu wa kuniamsha. Niliyapenda maisha yale kwa wivu. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia shangazi kwamba sitaki, kwa hiyo nilimpa jibu la kisomi: ngoja kwanza niipime.

Sitajificha hapa. Niliipima nikiomba ishindwe.

Alinipa unga wa mzizi kwenye kopo la maziwa. Niliuloweka kwenye spiriti, nikachuja, nikaacha spiriti ikauke. Chini ya bilauri yakabaki mafuta mazito ya rangi ya chai, yenye harufu kali ya kafuri. Utoto wangu wote ulinuka vile. Kila goti nililochubua lilipakwa mzizi huo huo. Nikachovya vipande vidogo vya karatasi, nikavipanga kwenye sahani ya kioo niliyokuwa nimeotesha bakteria wa usaha. Kimoja nilikichovya kwenye maji matupu, nisije nikajidanganya. Nikaifungia sahani kwenye kabati la joto hadi kesho yake.

Asubuhi bakteria walikuwa wametanda sahani nzima kama ukungu juu ya kiporo cha ugali, isipokuwa kuzunguka karatasi za shangazi. Pale palikuwa na duara safi kabisa. Karatasi ya maji haikuwa na kitu. Mwenzangu wa maabara alinipongeza. Nilipima duara lile kwa rula mara mbili, nikitumaini litapungua.

Jumamosi nikaenda Choma. Shangazi alikuwa ameketi uani, rozari shingoni, na mzee mmoja alikuwa akimwamkia shikamoo. Pale wagonjwa wote humwamkia hivyo, hata wanaomzidi umri, kwa heshima ya dawa. Alimhudumia kwanza, akamsindikiza, ndipo akanigeukia.

"Haya, mashine yako imesemaje?"

"Haikuua kitu, shangazi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi. Sikuwa nimejiandaa kuaminiwa. "Basi waliopona walipona wenyewe," alisema, akainuka, akaenda kumwaga unga wote uliobaki kwenye shimo la takataka. Tangu siku hiyo kila aliyekuja alimwelekeza zahanati. Mimi nikarudi Chemchem nikiwa huru, na usingizi haukuja.

Mvua zilipoanza, jembe likamkata shangazi kwenye muundi wa mguu. Zahanati walimsafisha, wakamtaka arudi kila baada ya siku mbili. Alirudi mara moja, njia ikamshinda. Jirani akanipigia simu. Nilimkuta amekifunika kidonda kwa kanga na nzi wamejaa juu yake. Tukapanda bodaboda, kikasafishwa upya, akapewa vidonge. Tuliporudi nilichukua jembe nikaenda kwenye kichuguu nyuma ya boma, ule mti wa dawa unapoota, nikachimba mzizi nikautwanga. Niliutwanga kwa mkono wa kulia, nasema wazi. Bakteria hawajui mkono, na mimi nilikuwa bado nataka kurudi kwangu.

Aliisikia harufu kabla sijamfikia. Akavuta mguu.

"Nani katwanga?"

"Mimi."

"Si ulisema haiui kitu?"

"Nilikudanganya, shangazi. Iliua. Niliogopa kuja kukaa hapa."

Hakukasirika, na hilo liliniumiza kuliko matusi. Aliuliza jambo moja tu.

"Kwa mkono gani?"

Nilijua nikisema kulia hatakubali nimguse. Kwake, dawa iliyotwangwa na mtu asiyeipokea ni uchafu tu. Na mguu ulikuwa umevimba hadi gotini.

"Kushoto," nikasema.

Uongo huo wa pili aliuamini kama alivyouamini wa kwanza. Akanyoosha mguu.

Nilikaa hadi uvimbe ulipopungua. Asubuhi ya kuondoka nilifungua mlango begi likiwa begani, nikamkuta mwanamke ameketi kwenye kigoda cha wagonjwa, kisigino amekifunga kitambaa. Mimi sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Shangazi ndiye aliyetuma salamu vijijini kwamba dawa imepokelewa. Mwanamke yule alikuwa mkubwa kuliko mama yangu.

"Shikamoo," akaniambia.

Ndani, shangazi aliyekuwa akikohoa tangu alfajiri alikuwa ameacha ili asikie. Nikaliweka begi chini.

"Marahaba," nikasema.