Vitabu vya Madrasa na Programu ya Halali

Walisema sitafika Idi. Nilirudi Bagamoyo na stashahada yangu ya kompyuta, nikafungua duka la kuchapa mtaani Dunda kwa fedha za kukopa, na muuza vitenge wa fremu ya pili akatangaza mbele ya wateja wangu: "Huyu akifika Idi, mie nanyoa nyusi." Nikaendelea kuchapa. Mtu aliyejisomesha kwa kubeba mizigo Dar hababaishwi na nyusi za mtu.

Lakini wateja walikuwa wachache, na walionikopesha walishaanza kupita dukani bila shida ya kuchapa. Ndipo Jumatatu moja akaja ustadhi wa madrasa mmoja na flashi mkononi. Alitaka vitabu mia mbili vya dua. Kazi hiyo ingeniokoa. Akaketi, akaitazama kompyuta yangu, akauliza jambo ambalo hakuna mteja aliyewahi kuniuliza.

"Programu unayochapia umeinunua?"

Mtaani kwetu hakuna aliyenunua. Sote tulitumia kopi ya programu ya kampuni, iliyovunjwa kufuli na mtu tusiyemjua. Ila stashahada yangu ilikuwa ukutani, ndani ya fremu ya kioo, na nilishajisifu mno.

"Nimeinunua, ustadhi."

"Alhamdulillahi. Maneno ya Mungu hayachapwi kwa kitu cha wizi. Nitakuja Alhamisi alasiri nikague nakala ya kwanza."

Nimewahi kuwadanganya wateja, sikatai. Uongo ule, juu ya vitabu vya dua, ulinishinda. Bei ya leseni ilizidi kila nilichokuwa nacho. Zilibaki programu huria, zile ambazo wenyewe walioziandika wameruhusu kila mtu azitumie, azirekebishe na kuzigawa. Chuoni nilizidharau, niliona kitu cha bure ni cha asiyejiweza. Jumatatu ile nilifuta kopi ya wizi, nikaweka programu huria. Hakuna aliyenishika mkono.

Nikafungua faili la ustadhi. Herufi za Kiarabu zilikuwa zimeachana kama watu waliogombana, na kurasa ishirini zimekuwa ishirini na sita. Jumanne nzima nilijaribu fonti moja baada ya nyingine, jasho likinitoka na feni inazunguka. Jumatano nikauliza kwenye jukwaa la watumiaji mtandaoni. Mtu wa nchi nisiyoijua akanielekeza kwenye fonti ya bure iliyotengenezwa kwa Kiarabu. Herufi zikashikana. Kurasa nikazipanga upya mwenyewe, mstari kwa mstari. Mwingine angerudia kopi ya wizi. Mimi sikurudi.

Alhamisi ustadhi alipofika, sikumngoja aketi.

"Ustadhi, nilikudanganya. Ile programu ilikuwa ya wizi. Nimeifuta, na hiki nimekichapa kwa programu ya bure, ya halali. Ukiiondoa kazi kwangu, sitakulaumu."

Alichukua nakala akaanza kusoma, kidole kikifuata mstari, midomo ikicheza. Muuza vitenge alikuja kusimama mlangoni.

"Kagua vizuri, ustadhi. Huyo fundi wa stashahada ya ukutani!"

Ukurasa wa kumi. Wa kumi na tano. Kila kidole kiliposimama, nami niliuchungulia mstari. Mwishowe akafunga kitabu.

"Uongo wako ni baina yako na Mola wako, tubu. Kitabu hakina kasoro. Sasa hiyo programu, nikiikopi kwa kompyuta ya madrasa, nitakuwa nimeiba?"

"Hapana. Wenyewe wameruhusu. Ichukue, mpe na mwenzio."

"Bure?"

"Programu ni bure. Kuiweka na kuwafundisha walimu, hapo kuna jasho langu."

Akacheka. "Kumbe na biashara unaijua!"

Ustadhi aliwaeleza wenzake, na nikaitwa madrasa baada ya madrasa, Zinga hadi Mkange, kuweka programu na kufundisha. Vitabu navyo wakaleta kwangu. Idi ikaja ikapita, duka likiwa wazi, na miezi minane baadaye, kwa siku moja, niliwalipa wote watatu walionikopesha: asubuhi mwenye fremu ya duka, mchana shemeji yangu, alasiri shangazi yangu kule Zinga, niliyemkuta akimenya mihogo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona ghafla, kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Nimekuletea fedha yako, yote."

Akafuta mikono kwenye kanga, akaipokea, akaanza kuhesabu.