Maharage Juu, Kahawa Chini

Harufu ya kahawa ya maganda haifichiki. Ifunike kwa maharage, ifunge gunia mara mbili, itatoka tu, na ule utamu wake uliochachuka kidogo kama ndizi zilizosahauliwa pembeni mwa jiko. Jumamosi iliyopita iliniingia puani nikiwa nimesimama nyuma ya lori hapa Kihanga, mtoto mdogo mgongoni, namuaga binti yangu wa miaka sita. Alikuwa anakwenda na babu yake Uganda, kumsalimia shangazi yangu aliyeolewa Kigezi. Baba alikuwa amekunja blanketi juu ya gunia moja na kumwambia mjukuu wake, "Kaa hapa, mke wangu. Ni maharage tu."

Nililifungua gunia nikazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko. Maharage juu, kahawa chini. Tena ya magendo, maana kahawa hairuhusiwi kuvuka mto wa mpakani bila kibali.

Shikamoo nilikuwa nimeshampa asubuhi, kwa hiyo adabu nilikuwa nimeimaliza. "Mtoto haendi!" nilipiga kelele mpaka dereva akazima gari. "Baba, haendi! Mshushe!"

Baba hakushtuka hata. "Mbona wewe ulikalia," akasema, "na ulifika salama?"

Hapo ndipo uvumilivu wangu ulipokatika. Nilimshusha mtoto mwenyewe. Maana safari ile naikumbuka vizuri, na miaka yote hii sikujua nilikalia nini.

Nilikuwa na miaka tisa hivi, kabla ya vita ya Hitla. Tuliondoka kwetu Nyakatuntu alfajiri juu ya lori la mwenye duka mmoja: Baba, Mama na mdogo wangu wa kunyonya, na mimi juu ya gunia nililoambiwa ni la maharage. Mama alikuwa amechemsha kahawa ya kutafuna pamoja na majani yenye harufu nzuri, akaikausha, akaipanga kwenye kikapu kidogo chenye mfuniko. Kwetu mgeni hutafunishwa kahawa kabla hata hajaulizwa habari za njiani, na anayemtembelea ndugu yake mbali hubeba ya kwake, asije akamwaibisha huko alikoolewa.

Kivukoni Murongo askari alipanda juu, akafunua kikapu.

"Mzee, hii kahawa."

Baba yangu ni mtu wa maneno. Hata padri alikuwa akikatishwa naye maneno. Siku ile alifungua mdomo, hakuna kilichotoka. Jasho lilimtiririka kutoka kwenye kofia mpaka shingoni. Nikaona baba yangu anaonewa. Nikasimama juu ya gunia langu.

"Bwana askari, hiyo imechemshwa! Ukiipanda haioti, ukiiuza hupati mnunuzi. Ni ya kumpelekea shangazi! Sisi si wezi sisi. Fungua yote! Fungua na hili nililokalia, uone!"

Mama alifumba macho. Baba alinifinya pajani, akasokota, nikajikuta nimekaa bila kuambiwa. Askari alinitazama, akatupia mdomoni punje mbili, akatafuna, akaanza kucheka.

"Mzee, mwenye mtoto kama huyu hawezi kuficha hata sindano. Utamwoza kwa nani?"

"Nitamtafutia kiziwi, bwana," Baba akasema. Sauti ilikuwa imerudi.

"Piteni."

Ng'ambo ya mto dunia ilibadilika. Kwanza mbuga za Ankole, nyasi mpaka macho yachoke, na ng'ombe wenye pembe ndefu hata ukajiuliza wanageukaje zizini. Halafu barabara ikaanza kupanda. Milima ya Kigezi ilikuwa imelimwa ngazi kwa ngazi mpaka kileleni, ukungu umelala mabondeni, baridi inauma masikio. Mwisho likatokea ziwa chini yetu, visiwa vimejaa ndani yake kama migongo ya ng'ombe wanaooga.

Na wazazi wangu walikuwa kama walevi. Mama, ambaye njiani hasemi, aliimba nyimbo za kanisani mpaka mtoto akalala. Baba, ambaye hakuwahi kunionyesha kitu isipokuwa jembe, alikuwa akipiga ubavu wa lori, "Tazama kule! Tazama na kule!" Alimwona mbuzi amesimama juu ya paa la nyumba, akacheka mpaka machozi. Mahali fulani tulisimama dukani, gunia langu likashushwa, naye akaninunulia muwa mrefu kuliko mimi. Lakini hakunitazama usoni siku nzima. Nilijua kwa nini: nilikuwa nimemtia aibu kwa mdomo wangu. Mama alikuwa ameshaniambia zamani kwamba mdomo wangu ni mlango usio na komeo.

Milima ile nikaipa sifa isiyokuwa yake. Nilimwambia kila mtu, na mwisho nikamwambia binti yangu, kwamba Kigezi kuna milima inayoondoa huzuni, hata babu yako ilimchekesha. Kumbe milima haikuhusika. Wale walikuwa watu wawili walionusurika kwenda jela, tena wameokolewa na mtoto aliyesema kweli yote aliyoijua. Ndiyo, bei ya ng'ambo ilikuwa nzuri, na sare yangu ya shule najua sasa ilitoka wapi. Lakini je, kama askari angenitii, akalifungua gunia?

Binti yangu amenuna wiki nzima. Na anune. Kila nikimwona uani nashusha pumzi. Na kwa kuwa Baba hamwogopi mtu isipokuwa kaka yake, Jumatatu niliandika, nikapeleka kwa mkono wangu:

"Kwa Baba Mkubwa, mkuu wa ukoo wetu. Shikamoo. Mimi, binti wa mdogo wako, namshitaki baba yangu mzazi. Alinikalisha juu ya magendo nikiwa mtoto, akanifinya kwa kusema kweli, na Jumamosi alitaka kumfanyia mwanangu vilevile. Sidai faini ya mbuzi wala pombe ya rubisi. Naomba aitwe mbele yenu, anitazame usoni, aseme kwamba siku ile hakunikasirikia, bali aliogopa. Akishasema, aje amchukue mjukuu wake. Nguo zake za safari bado sijazitoa kwenye kikapu."